Tufe la pembe lenye matufe ndani yake: marehemu baba alituachia nini?

*"Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Miaka ya sabini alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa China kusomea mambo ya reli, na alirudi na vitu viwili vilivyokaa kwenye kabati la sebuleni maisha yetu yote. Kimoja ni tufe jeupe lenye nakshi za joka, na ndani yake kuna matufe mengine yanayozunguka ingawa hakuna mlango wa kuyapitisha. Kingine ni sanamu ya mzee mwenye paji kubwa la uso, ameshika tunda na mkongojo. Mdogo wangu ameokoka, naye anasema vitu hivi vina mapepo, kwa sababu jirani anayefanya kazi na Wachina amemwambia lile tufe kwao huitwa kazi ya mashetani. Anataka tuvichome. Shangazi anasema ni plastiki tu. Fundi mmoja wa samani anasema pembe ililainishwa kwa siki, wakaingiza matufe ya ndani, kisha wakaliziba. Na kuna mtu anatupa bei nzuri, ila anataka tumtumie picha kwanza. Ni vitu gani hivi, vina maana gani, na tufanye nini?"*

Marahaba binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na lisiloweza kungoja: usimtumie huyo mtu picha, na usikubali bei yoyote. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini nisingependa umalize kusoma habari za nakshi wakati picha zimeshaondoka kwenye simu yako.

Nyumba yenu naona imegawanyika. Mmoja anaona mapepo, mwingine plastiki, na kuna anayeona fedha. Wewe unauliza baba alileta kitu gani, na hilo ndilo swali lenye manufaa, maana ukilijibu hilo hofu za wengine nazo zinapata jibu.

Jirani hakusema uongo kuhusu jina. Wachina huliita *guigong qiu*, yaani tufe la kazi ya majini. Lakini jina hilo ni sifa anayopewa fundi: kazi imekuwa nzuri mno hata mtazamaji hakubali kwamba imetoka kwenye mkono wa binadamu. Ni jina la zamani. Mwaka 1388 mwandishi mmoja aitwaye Cao Zhao, katika maelekezo yake kwa watu wanaokusanya vitu vya kale, alitaja tufe la pembe lenye matufe mawili ndani yake, na tayari akaliita hivyo. Tufe hili halitambikiwi, haliombewi, wala halina nafasi yoyote katika ibada za Wabudha au za Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina. Lilichongwa ili watu wastaajabie ufundi. Sisemi haya kuidharau imani ya mdogo wako. Nasema ili ajue kwamba tafsiri aliyopewa imeishia katikati.

Sasa habari ya siki, ambayo nimeisikia mara nyingi hata kutoka kwa watu wenye elimu. Pembe, yaani jino la tembo, ni dentini, mchanganyiko wa madini ya kalsiamu na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni. Madini huipa ugumu, kolajeni huipa unyumbufu kidogo, na ndiyo maana pembe hukubali kuchongwa nyembamba sana bila kupasuka vipande. Ukiiloweka kwenye asidi, kweli italainika, kwa sababu asidi inayala yale madini. Ila ukiitoa hairudi kuwa ilivyokuwa. Uso wake unafifia, ukikauka inajikunja na kupasuka. Huwezi kulifungua tufe kwa siki, ukaingiza jingine, ukalifunga, kisha likabaki na nakshi kali kama unazoziona kwenye la kwenu.

Ukweli unashangaza kuliko siki. Fundi huchukua kipande kimoja kizima cha pembe na kukikereza mpaka kiwe tufe kamili, bila tundu. Kisha hutoboa matundu, kwa kawaida 14, yaliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka tufe lote. Kila tundu ni pana kwa nje na hupungua kadiri linavyoelekea kwenye kitovu. Baada ya hapo huingiza chuma chenye ncha iliyopinda pembeni na kuanza kukata chini kabisa, karibu na kitovu, akizungusha taratibu ili ncha ikate ufa unaofuata mviringo wa tufe. Anahamia tundu la pili, la tatu, mpaka yote 14. Nyufa zinapokutana, tufe dogo la ndani linaachia na kuanza kuzunguka peke yake. Ndipo hupanda hatua moja kuelekea nje, kwa chuma kingine chenye kipimo chake, na kurudia kazi ileile. Kwa hiyo matufe ya ndani hayakuingia kupitia mlango wowote, bali yalizaliwa humo humo. Nakshi za ndani hutobolewa kwa vyuma vyembamba vinavyopita kwenye matundu, na joka la nje ndilo huchongwa kwa kina kikubwa zaidi. Mkono ukiteleza siku ya mwisho, kazi ya miezi inakwenda na maji.

Ufundi huu makao yake ni Guangzhou, mji wa bandari ulio kusini mwa China. Zama za nasaba ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, mafundi bora wa huko waliitwa Beijing kufanya kazi katika karakana za kasri la mfalme. Guangzhou kuna ukoo wa Weng, ambao umerithishana kazi ya matufe kwa vizazi kadhaa, na katika karne ya 20 walifikia kuchonga tufe moja lenye matabaka zaidi ya 40. (Haki yao tuwape na mafundi wa Nuremberg kule Ujerumani, ambao katika karne ya 17 nao walikereza matufe ya aina hii kwa mashine zao.) La kwenu bila shaka lina matabaka machache. Mchukue mtoto mwenye macho mazuri ahesabu kwa tochi, bila kulichokonoa.

Baba yako alifika China wakati ambapo mafundi waliokuwa wakijitegemea zamani walikuwa wamekusanywa katika viwanda vya dola. Guangzhou kulikuwa na kiwanda cha Daxin, na Beijing nako kulikuwa na chake. Kazi nyingi ziliuzwa kwa wageni ili nchi ipate fedha za kigeni, na maduka maalumu ya wageni yalikuwa nazo rafuni. Nikupe jambo moja ambalo nadhani baba yako, akiwa mtu wa reli, angelipenda. Mwaka 1974 China iliupa Umoja wa Mataifa, New York, mchongo mkubwa wa pembe unaoonyesha reli ya Chengdu hadi Kunming, yenye madaraja na mahandaki yake milimani. Ulitumia meno manane ya tembo, na watu 98 waliufanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Wakati uleule vijana wetu wakisomea reli huko ili waje waendeshe TAZARA, China ilikuwa inajitambulisha duniani kwa kuchonga reli kwenye pembe. Vitu vya kabatini kwenu ni vya zama hizo.

Tuingie kwenye maana. Joka la Kichina usilipime kwa joka la Ufunuo wa Yohana. Kwao ni mwenye mvua na mito, ni nguvu inayosababisha mazao yaote, na kwa karne nyingi lilikuwa alama ya mfalme. Likichongwa likifukuza kito chenye miali ya moto, hiyo ni sura yake ya kawaida kati ya mawingu. Geuza tufe polepole utazame kama upande wa pili hakuna ndege mwenye mkia mrefu wenye manyoya ya mapambo. Akiwepo, huyo ni feniksi, na joka pamoja na feniksi ni dua ya ndoa: mume na mke, baraka ya nyumba. Watu watakwambia uhesabu kucha za joka, kwamba zikiwa tano basi tufe lilitoka kasri la mfalme. Zamani kucha tano zilikuwa za mfalme kweli, lakini baada ya ufalme kuanguka mwaka 1912 kila fundi alichonga kucha alizotaka. Usimwamini anayekupandishia bei kwa kucha. Umbo lenyewe la mviringo nalo linasema jambo: ukamilifu, na familia iliyokutana pamoja bila pengo.

Yule mzee ndiye anayenigusa zaidi. Ni Shoulao, mzee wa umri mrefu. Paji lake si kosa la mchongaji wala ugonjwa. Linaonyesha hekima na miaka mingi aliyojaa nayo. Tunda ni pichi, ambalo wengine huliita fyulisi. Katika hadithi zao hutoka bustani ya Mama Malkia wa Magharibi, ambako huiva mara moja kila miaka 3,000, na anayelila hafi. Mkongojo ni wa uzee wenye heshima. Mara nyingi huwa na ndege korongo au kulungu ubavuni, na wakati mwingine kibuyu kimening'inia kwenye mkongojo. Shoulao ana nyota yake angani, ile inayong'aa chini upande wa kusini, ambayo Waarabu na mabaharia wa pwani yetu wameijua tangu zamani kwa jina la Suheli. Nahodha wa jahazi kutoka Zanzibar na mchongaji wa Guangzhou walikuwa wakiitazama nyota ileile; mmoja akatafuta njia baharini, mwingine akaomba maisha marefu.

Tazama pia kama kuna popo kwenye vazi lake au kwenye mkongojo. Kwetu popo ana sifa mbaya, najua, na mdogo wako akimwona atapata ushahidi mwingine. Ila michongo ya Kichina hujengwa kwa mafumbo ya sauti. Popo ni *fu*, na heri nayo ni *fu*, kwa hiyo popo mmoja ni heri, na popo watano ni heri tano. Kulungu ni *lu*, sauti inayolingana na mshahara wa cheo serikalini. Samaki ni *yu*, kama neno la ziada, ili chakula kibaki. Komamanga halifuati sauti: punje zake nyingi ni dua ya watoto wengi. Anayepokea kitu cha namna hii hukisoma kwanza, kama mwanamke wa pwani anavyosoma jina la khanga kabla ya kuangalia rangi. Ukishajua hivyo, uoga unapungua, kwa sababu karibu kila alama utakayoikuta humo ni dua njema.

Na kuna jambo ningependa umuulize mama au shangazi. Shoulao kwa desturi hupewa mzee, hasa siku yake ya kuzaliwa. Kijana hanunuliwi Shoulao. Kama babu yenu alikuwa hai baba aliporudi, inawezekana sana mwenyeji aliyemsaidia baba kuchagua alimuuliza, "Zawadi ni ya nani?" Naye akajibu, "Ya baba yangu." Siwezi kukuhakikishia, lakini mzee yeyote wa familia anayekumbuka mwaka ule anaweza kukwambia sanamu ilikaa nyumba ya nani kwanza.

Sasa shangazi na plastiki yake. Anaweza kuwa sahihi, na kwa kweli kuiga pembe kwa plastiki kulianza tangu karne ya 19. Usijaribu ile njia ya sindano iliyochomwa moto; inaacha jeraha lisilopona. Tumia kioo cha kukuza na mwanga wa kawaida. Kwenye uso mtupu usio na nakshi, kwa mfano chini ya kitako cha Shoulao, tafuta mistari myembamba inayokatizana kwa mshazari. Hiyo ndiyo mistari ya Schreger, na ni tembo na mamalia wa kale aitwaye mamothi tu walio nayo. Pembe za makutano zikiwa pana, zaidi ya nyuzi 115 karibu na ukingo wa nje wa jino, ni tembo. Zikiwa chini ya 90, ni mamothi. Ukiona vitundu vidogo vyeusi, huo ni mfupa. Ukiona mistari iliyonyooka mno inayolingana sawasawa, au viputo vya hewa, au mshono unaozunguka tufe kiunoni, shangazi atakuwa ameshinda. Jambo jingine: katika tufe la kweli matundu ya matabaka yote yanaweza kupangwa yakawa mstari mmoja hadi kitovuni, kwa sababu yalitobolewa kwa pamoja. Ila usijilazimishe kuyapanga. Tabaka lililokwama ukilisukuma linavunjika.

Iwapo ni pembe, basi kuna safari ya pili ambayo huenda baba yako hakuijua. Tembo wa Asia wana meno madogo, na majike wengi hawana meno yanayoonekana. Ndiyo maana China imenunua pembe za Afrika kwa zaidi ya miaka 1,000. Al-Masudi, msafiri aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, zilipelekwa Oman, kutoka hapo zikaenda India na China. Karne tatu baadaye, ofisa wa forodha wa Kichina, Zhao Rugua, alitaja pembe miongoni mwa bidhaa za pwani ya Zanji. Katika karne ya 19 Zanzibar ikawa soko kubwa la pembe duniani, na zilizofika pale zilibebwa mabegani na watu kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine wakiwa watumwa. Wachongaji walizipenda pembe za Afrika Mashariki kwa kuwa ni laini na hazipasuki ovyo. Tufe la baba linaweza kuwa limetoka bara hili, likavuka bahari mara mbili. Maabara zinaweza kutambua eneo alikotoka tembo kwa vinasaba, ingawa kwa kipande cha nyumbani sioni sababu ya kufanya hivyo.

Hapa sina budi kusema lililo zito. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa zaidi kidogo ya 43,000. Walichinjwa kwa ajili ya meno, na sehemu kubwa ya meno hayo ilielekea Asia Mashariki. Ninaupenda ufundi wa Guangzhou kwa moyo wote, na nimeufanyia kazi maisha yangu. Hata hivyo hakuna tufe duniani linalostahili gharama hiyo. China yenyewe, ambayo mwaka 2006 iliuweka uchongaji wa pembe katika orodha ya urithi wake wa taifa, ilifunga biashara ya pembe ndani ya nchi mwisho wa mwaka 2017. Mafundi sasa wanachonga mifupa ya ng'ombe, pembe za mamothi na kokwa. Ufundi haujafa.

Kwa sababu hiyo huyo mteja wako si mteja wa kawaida. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, meno ya tembo, hata yaliyochongwa, huhesabiwa kuwa nyara, na kuwa nayo bila hati ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani miaka mingi. Anayekutwa nayo ndiye hutakiwa kuthibitisha kwamba anaimiliki kihalali. Picha unayomtumia mtu usiyemjua inakuweka kwenye mazungumzo ya biashara ya nyara, hata kama nia yako ilikuwa kuulizia bei tu. Tena, sheria ukiiweka kando, matufe ya miaka ya sabini yalitengenezwa kwa wingi, na bei nono isiyo na maswali inapaswa kukutia shaka.

Kuchoma nako hakutawasaidia. Pembe haishiki moto kirahisi. Kenya ilipoteketeza tani 105 mwaka 2016 ilihitaji mafuta mengi na muda mrefu. Zaidi ya hapo, kuharibu nyara kwa siri hakufuti suala la kisheria, na mtakuwa mmepoteza ushahidi wa namna ilivyofika nyumbani. Kukaa kimya na kuviacha kabatini ndiko familia nyingi hufanya. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari, hasa sasa mmeshazungumza na mnunuzi, jirani na fundi.

Ningekuwa wewe, ningekwenda kwanza kwa wakili, nikiacha vitu nyumbani. Usivibebe kwenye begi kuvipeleka popote, hata ofisini. Wakili ndiye awasiliane na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, aulize kama kuna njia ya kuvisajili au kama mtatakiwa kuvikabidhi. Mkusanyie kila karatasi: pasi ya zamani ya baba, barua za masomo, risiti ya duka kama ipo, picha za familia za miaka hiyo ambamo kabati linaonekana. Mwaka aliorudi una uzito, kwa sababu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulianza kutumika 1975 na tembo wa Afrika akawekwa kwenye daraja la ulinzi mkali zaidi mwaka 1989. Iwapo itaamuliwa mvikabidhi, mwambie wakili aulize kama Makumbusho ya Taifa wanaweza kuvipokea kwa utaratibu wa serikali, pamoja na maelezo ya baba na reli. Na kama una ndugu Uingereza au Marekani anayetaka kuvichukua, mwambie hapana: huko nako sheria zimebana sana, na mpakani vitakamatwa.

Wakati mkisubiri, viacheni mahali pakavu pasipo upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi, kwa maana unyevu wa pwani ukipishana na ukavu wa mashine ndio unaopasua pembe. Vumbi litoeni kwa brashi laini, kavu. Msivioshe kwa maji. Ule umanjano unaoutazama kama uchafu ni wa umri wake, na kukaa gizani huuongeza. Msijaribu kuutoa kwa sabuni wala jiki.

Huyo mnunuzi akipiga tena, mwambie vitu vya marehemu haviuzwi, kisha futa namba yake baada ya kumwonyesha wakili ujumbe wote aliokutumia.